Vifungo Vinne

Mama aliniita Zdravka, na ndani ya jina hilo,
kwa Kibulgaria, mna afya.
Karani huliandika bila kutabasamu
juu ya faili la mkono wangu wa kulia.

Vidole vitatu vilibaki kwenye mashine ya kukandia unga,
alfajiri ya Jumanne, mikate elfu mbili ikisubiri.
Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa, bosi akahama na madaftari.
Nimebaki na gumba na kidole cha mwisho,
majirani wasiosalimiana.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
viwili, vikiwa mbali hivi, navyo havivunji.

Miaka mitatu nimeufundisha mkono wa kushoto
kama mtoto mtukutu:
kumenya viazi, kutia saini, kukamua kitambaa
kwa kukibana gotini.
Mwisho, vifungo. Koti langu lina vinne,
vikubwa, vya kahawia, nilivichagua makusudi.
Siku nilipofunga cha nne
nilimpigia simu dada yangu Radostina, yuko Vratsa,
nikalia kama niliyejifungua.

Basi nikaenda mbele ya tume nimevifunga vyote.
Madaktari watatu, meza moja, dirisha linalovuja baridi.
Unaweza kushika kijiko? Naweza.
Kuchana nywele? Naweza, kwa taabu.
"Kwa taabu" haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.
Yule wa katikati alilitazama koti, akaandika:
anavaa mwenyewe.

Asilimia arobaini na nane.
Sheria huanza kuona kwenye hamsini.
Mbili zilizopungua nilizihesabu nikishuka ngazi,
nusu kwa kila kifungo:
nusu, nusu, nusu, nusu.

Mkono mtupu haulambwi, hilo nililijua.
Sikujua kwamba mkono unaojitahidi
hukatwa mara ya pili.

Jirani yangu Tsonka ana asilimia sabini na moja za mgongo,
na huzitaja kama mtu atajaye shahada ya mwanawe.
Akaniketisha jikoni kwake.
"Mjinga wewe. Pale hupeleki unachokiweza.
Peleka siku yako mbaya kuliko zote,
ile ya Februari, uliyokula mkate mkavu
kwa sababu kopo lilikataa kufunguka."
"Niseme uongo?"
"Siku hiyo ilikuwepo au haikuwepo?"
Ilikuwepo. Hilo ndilo lililoniuma.

Rufaa. Mihuri. Picha mpya za mifupa ileile.
Ushahidi wa miaka yangu ya kazi
uliibuliwa na kijana wa masjala ya manispaa,
kwenye sanduku lililolowa pembe moja,
jina langu kwa wino wa zambarau.
"Afya," akasoma, akacheka, kisha akaniomba radhi.

Desemba, Sofia. Nilipanda tramu koti likiwa wazi.
Upepo uliingia kama mwenye nyumba.
Mwanamke mmoja asiyenijua
aliinama akaanza kunifungia, cha juu kwanza,
kwa vidole kumi vyenye haraka.
Nikamwambia: tafadhali, acha.
Akaacha, uso umemwiva,
kana kwamba nimemtukana mbele ya watoto wake.

Sitini na mbili, kwa miaka mitatu.
Baada ya hapo nirudi, waone kama vidole vimeota.
Miaka mitatu: nacho ni kifungo.

Pesa imeingia tarehe saba. Si nyingi.
Inatosha kuni, dawa, na nusu ya deni la dukani.
Radostina anauliza kama nimefurahi.
Nimefurahi.
Ila asubuhi, kabla ya kwenda posta,
nasimama nyuma ya mlango,
koti mwilini, mkono wa kushoto tayari,
nikisikiliza nyayo za ngazini
kama mwizi,
ndipo nifunge cha kwanza.